"Ever" Isiyo ya Milele: Historia ya "Whoever", "Whatever" na Ndugu Zake

Mzungumzaji wa Kiswahili anapokutana na "whoever" kwa mara ya kwanza, hulikata neno vipande viwili: "who" ni nani, "ever" ni daima. Nani daima? Maana haiji. Akifungua kamusi anaambiwa ni "yeyote", naye anaridhika, mpaka siku anapotaka kusema "sikumwona yeyote" akaandika "I did not see whoever", na insha ikarudi na wino mwekundu. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba mzizi wa tatizo umo katika historia ya neno lenyewe.

Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, Kiingereza cha Kale kilikuwa na fungu la maneno matatu: "swa hwa swa". "Hwa" ndiyo "who" ya leo, na "swa" ndiyo "so". Wakati huo "hwa" peke yake haikuwa kirejeshi kama ilivyo "who" sasa. Kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza. Ilipobanwa katikati ya "swa" mbili, iliacha kuuliza, ikawa na maana ya "yeyote ambaye". "Swa hwæt swa" nayo ilikuwa "chochote ambacho".

Baadaye "swa" ya mbele ikadondoka, ikabaki "whoso". Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, bado alilitumia umbo hilo. Lakini wakati wake "ever" lilikuwa limekwisha kuingia. Neno hili linatokana na "æfre" ya Kiingereza cha Kale, yaani "daima" au "wakati wowote", na liliongezwa ili kutia mkazo. Ndivyo walivyozaliwa "whosoever" na "whatsoever", na pembeni yao maumbo mafupi yasiyo na "so": "whoever" na "whatever". Biblia ya King James ya mwaka 1611 imejaa yale marefu. Leo tunayakuta zaidi katika ibada na hati za kisheria, isipokuwa "whatsoever", ambalo bado husikika kila siku katika kukanusha, kama "no money whatsoever", yaani hata senti moja.

Kwa ufupi, "ever" lilikuja kumsaidia "so", kisha likarithi kiti chake. Ule umilele uliobaki ndani yake ni mdogo sana.

Kiswahili kilipita njia nyingine. Sisi tulichukua "-ote", neno la ujumla, tukaliunganisha na "-o" ya urejeshi: yeyote, chochote, lolote, popote. Vitabu vya zamani viliandika "ye yote" na "cho chote" kwa kutenganisha, na maandishi hayo yanatuonyesha wazi jinsi maneno haya yalivyoundwa. Hata hivyo, "yeyote" pekee halifungi sentensi mbili. Tunaposema "yeyote atakayekuja", kazi ya kufunga inafanywa na "-ye-" iliyo ndani ya kitenzi. Katika "whoever comes", kazi zote mbili zimo katika neno moja, kwa sababu zile "swa" mbili zilikwisha kuifanya tangu zamani.

Hapo ndipo makosa mawili yetu makubwa yanapoeleweka. La kwanza ni "whoever that comes": tunahamisha "-ye-" yetu na kurejesha mara mbili. La pili ni lile la kutumia "whoever" pasipo na kirejeshi. "Chukua chochote" ni "take anything", lakini "chukua chochote ukitakacho" ni "take whatever you want". Kipimo ni rahisi: tazama kitenzi cha Kiswahili. Kikibeba kirejeshi, "-ever" inafaa. Kisipobeba, mara nyingi unahitaji "any-".

"However" limetembea mbali kuliko ndugu zake. Maana yake ya awali ni "kwa namna yoyote ile", na bado ipo: "however hard he tries" ni "hata ajitahidi vipi". Kutoka hapo likafika kwenye maana ya "hata hivyo". Alama ya mkato ndiyo inayotenganisha matumizi hayo mawili: "However, he failed" huhitaji mkato, "However hard he tries" haikubali mkato baada ya neno hilo.

Lakini neno linaloweza kutuponza nje ya darasa ni "whatever". Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, vijana wa Marekani walilifanya jibu kamili la kupuuza, na filamu ya Clueless ya mwaka 1995 ikalisambaza pamoja na ishara yake ya vidole. Basi mwenyeji wako, mtu mzima, akikuuliza ungependa kula nini, nawe kwa adabu zote ukatafsiri "chochote tu" kuwa "whatever", anaweza kusikia "potelea mbali". Ulikusudia kumwondolea usumbufu. Yeye amesikia dharau. Sema "anything is fine", na heshima yako itafika salama.

Tumalizie kwa jambo ambalo lugha zote mbili hukutana. Kiswahili kina "liwalo na liwe", na Kiingereza kina "come what may". Hakuna "-ote" wala "-ever" humo: kila lugha imeegemea kitenzi, ikakiachia jambo njia litokee. Wanachama wanaopenda kutafuta wakusanye misemo mingine ya namna hiyo, kwani bila shaka ipo, nasi tutafurahi kuisikia katika vikao vyetu.