Mwenye Ufunguo: Dhima ya Mzazi kwa Madhara ya Kijana Aendeshaye Bila Bima

Sheria ya Kenya, sawa na ya Tanzania, haimlazimishi mzazi kulipa madhara yaliyoletwa na mwanawe kwa sababu tu amemzaa. Mitaani mambo huenda kinyume. Kijana wa miaka 16 akimgonga mtu kwa pikipiki ya nyumbani kwao, ndugu wa majeruhi hawashughuliki na kijana. Wanakwenda kwa baba, kinakaliwa kikao, na gharama za hospitali zinajadiliwa kabla jalada halijafika mbali. Jamii imekwisha kuamua nani mdaiwa. Mahakamani mdaiwa ni mtoto mwenyewe. Atateuliwa mtu mzima wa kusimama kwa niaba yake katika kesi, mara nyingi huyo huyo mzazi, lakini tuzo ikitolewa haigusi mfuko wa aliyesimama. Mdai aliyevunjika nyonga anatoka mahakamani na ushindi dhidi ya mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tuzo hiyo inaweza kusubiri hadi miaka 12, kijana amalize shule, apate kazi, na aanze maisha akiwa na deni. Mfumo huo haumsaidii yeyote kati yao wawili.

Ninachotetea hapa ni kwamba mzazi apaswe kulipa, lakini si kwa cheo cha uzazi. Alipe kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo, na kwa kuwa sheria ilikwisha kumkabidhi wajibu wa kuhakikisha chombo hakiingii barabarani bila bima. Msingi huo umo tayari katika sheria zetu, ingawa mawakili na majaji wamezoea kuingilia mlango mwingine.

Mlango uliozoeleka ni wa dhima ya niaba: je, dereva alikuwa akiendesha kwa ajili ya mwenye gari? Mwaka 1940, katika Hewitt dhidi ya Bonvin, mahakama ya rufaa ya Uingereza ilimwachia baba ambaye mwanawe alichukua gari la nyumbani, kwa ruhusa ya mama, kuwarudisha wasichana makwao. Abiria mmoja alikufa. Safari ilikuwa ya kijana, ikaamuliwa, hivyo baba hahusiki. Lord Denning, jaji wa mahakama hiyo hiyo ya rufaa, alijaribu kuubomoa ukuta huo katika shauri la Morgans dhidi ya Launchbury, ambamo mke alikuwa mmiliki wa gari, mume alilewa, rafiki wa mume akaendesha, na ajali ikawaua wanaume wote wawili na kujeruhi abiria. Denning alitaka gari la familia limfunge mmiliki wake. Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa nchini humo, lilikataa mwaka 1972. Mwenye gari, walisema, hubeba dhima pale tu dereva anapotimiza ombi au kazi aliyopewa naye, na mageuzi makubwa kiasi hicho ni ya Bunge kwa sababu yanagusa mpango mzima wa bima.

Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikuwa imeweka lainisho muhimu miaka mitatu kabla. Katika Karisa dhidi ya Solanki, mwaka 1969, ilisema kwamba ikithibitika gari limeleta madhara kwa uzembe, itadhaniwa kuwa liliendeshwa na mtu ambaye mwenye gari anamwajibikia, hadi ithibitishwe vinginevyo. Kumwazima mtu gari, peke yake, hakutoshi kuiondoa dhana hiyo, kwani safari huenda bado ilikuwa na faida kwa wote wawili. Ni kanuni nzuri, na inastahili kutumiwa kwa ujasiri zaidi. Hata hivyo inabaki mateka wa swali lile lile la faida. Kijana aliyetumwa mashine ya kusaga anamfunga baba yake. Aliyekwenda kutazama mpira na wenzake anamfungua. Kwa mwanamke aliyegongwa akivuka barabara, tofauti hiyo haina maana yoyote, na sioni kwa nini haki yake itegemee kijana alikuwa akielekea wapi.

Ndiyo maana shauri la Monk dhidi ya Warbey, la mwaka 1935, lingepaswa kuwa kitovu cha mjadala wetu. Warbey alimwazima rafiki gari. Bima yake haikuwahusu madereva wengine, na aliyeliendesha siku ya ajali hakuwa na bima yake mwenyewe. Monk akajeruhiwa. Mahakama haikuuliza safari ilikuwa ya nani. Iliuliza kama Warbey alivunja sheria ya mwaka 1930 iliyokataza kumruhusu mwingine atumie gari bila bima, na kama katazo hilo liliwekwa kumlinda mtu kama Monk. Majibu yote yalikuwa ndiyo, na Warbey akalipa fidia. Kifungu cha 4 cha Sura ya 405 ya sheria za Kenya, na kifungu cha 4 cha Sura ya 169 ya Tanzania, vinatokana na kizazi hicho cha sheria: ni kosa kutumia chombo barabarani, kusababisha au kuruhusu mwingine akitumie, bila bima dhidi ya madhara kwa watu wengine. Ni kweli kwamba hukumu ya 1935 imekuja baada ya tarehe za mapokezi ya sheria ya Kiingereza, 1897 kwa Kenya na 1920 kwa Tanganyika, kwa hiyo haina nguvu ya kufunga. Lakini mahakama inayosoma maneno yale yale, yenye kusudi lile lile, itahitaji sababu nzito kufikia jibu tofauti.

Uzuri wa njia hii unaonekana zaidi mdaiwa akiwa mzazi. Neno kuruhusu halihitaji kibali cha maandishi. Baba anayemwona bintiye akitoka na gari kila Jumamosi, asiseme kitu, ameruhusu. Mama aliyenunua pikipiki na kumkabidhi mwanawe wa miaka 17 atafute abiria ameruhusu, hata kama stika ya bima inang'aa mbele ya chombo.

Hapo kwenye stika ndipo pana mtego ambao wazazi wengi hawaujui. Mtu amelipia bima ndogo, anaamini kazi imekwisha. Mkataba lakini unamtaka dereva awe na leseni halali, na leseni ya gari haitolewi kwa aliye chini ya miaka 18. Kifungu cha 16 cha Sura ya 405 kinaizuia kampuni ya bima kumkwepa majeruhi kwa kisingizio cha umri wa dereva, hali ya gari, idadi ya abiria, uzito wa mzigo na mengine ya namna hiyo. Leseni haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo kampuni isiyoweza kusema dereva alikuwa mtoto inaweza kusema dereva hakuwa na leseni, ilhali hakuwa nayo kwa sababu alikuwa mtoto. Bunge la Kenya lingeweza kuliziba pengo hilo kwa sentensi moja: kampuni imlipe majeruhi, kisha imdai mwenye gari aliyekabidhi ufunguo. Naliona hili kuwa rekebisho la haraka kuliko yote, kwa kuwa linamweka mwenye uwezo wa kulipa mbele na kumwacha mzembe nyuma yake, bila kumtoa yeyote.

Wapo watakaouliza kwa nini tusifuate tu njia ya Kongo. Amri ya mwaka 1888, katika kifungu cha 260, huwabebesha wazazi madhara ya watoto wadogo wanaoishi nao, isipokuwa wathibitishe hawakuweza kuzuia tendo lenyewe. Huko Goma au Bukavu, wakili wa majeruhi haanzi na bima. Anaanza na uzazi. Ufaransa imekwenda mbali zaidi. Katika hukumu ya Bertrand ya Februari 1997, iliyohusu mtoto wa miaka 12 aliyegongana na pikipiki akiwa kwenye baiskeli, mahakama ya juu ilisema mzazi haokolewi na malezi mema. Huokolewa na nguvu isiyozuilika au kosa la majeruhi tu. Kanuni kali kama hiyo inavumilika Ufaransa kwa sababu bima ya nyumba, ambayo kaya nyingi huwa nayo, hubeba dhima ya wanafamilia. Kuihamishia kwetu bila bima hiyo ni kumfilisi mama asiyemiliki hata baiskeli, eti kwa kuwa mwanawe aliazimwa gari na mjomba. Mjomba ndiye wa kulipa.

Ugumu wa kweli uko kwa mzazi ambaye hakuruhusu. Ufunguo ulining'inia msumarini, kijana akauchukua usiku. Hapo Monk dhidi ya Warbey haifiki, na itabidi kuuliza juu ya uzembe wa mzazi mwenyewe. Kesi za Kiingereza kuhusu bunduki zinatoa kipimo kinachofaa: mwaka 1952, katika Donaldson dhidi ya McNiven, baba aliyemkataza mwanawe kutumia bunduki ya upepo nje ya nyumba aliachiwa, na mwaka 1959, katika Newton dhidi ya Edgerley, baba aliyemwachia mtoto wa miaka 12 bunduki bila mafunzo ya kutosha alibebeshwa dhima. Kwa gari ningependekeza mzigo wa ushahidi ugeuzwe. Mwenye chombo aeleze aliuhifadhi vipi ufunguo, hasa kama anajua kijana wake amekwisha kujifunza kuendesha na ana hamu. Majeruhi hawezi kujua mambo ya ndani ya nyumba ya watu.

Hata kanuni hizi zote zikikubaliwa, kuna mzazi asiye na kitu cha kukamatwa. Uingereza ililiona hilo mapema, ikawa na Ofisi ya Bima za Magari tangu 1946, inayochangiwa na kampuni za bima na kuwalipa walioumizwa na madereva wasio na bima. Rwanda ina Mfuko Maalum wa Dhamana kwa kazi hiyo, unaowahudumia hata walioumizwa na wanyamapori. Kenya na Tanzania zingepaswa kuwa na mfuko wa namna hiyo, ukilipwa kwa sehemu ndogo ya kila ada ya bima, na ukipewa haki ya kumgeukia mwenye chombo kwa awamu zinazolingana na kipato chake. Anayesema wenye bima wataonewa akumbuke kwamba leo anayelipa ni fundi cherehani aliyepoteza mguu, na kwamba kwa Kenya hata pale bima ipo, kiwango cha juu kwa mdai mmoja ni shilingi milioni 3. Kinachozidi kinarudi kwa mwenye gari na dereva.

Sheria ya kuanzisha mfuko huo itahitaji kumtaja mwenye chombo kwa uangalifu. Sheria ya trafiki ya Kenya humchukulia aliyesajiliwa kuwa mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo, lakini pikipiki nyingi huuzwa kadi ikibaki na jina la muuzaji wa kwanza. Dhima iende kwa anayekihifadhi chombo nyumbani kwake na kuamua nani akiendeshe, iwe ni baba, bibi au kaka mkubwa, na aliye kwenye kadi abaki mdaiwa mpaka amwonyeshe huyo.