Maji ya Damu Yanayowakinga Wachungaji wa Mbugwe

Ukitoka Babati mjini kwa barabara ya Arusha, ukashuka hadi Magugu na kuikabili Mbugwe, mkono wako wa kulia unabaki na nyika inayokwenda kukutana na Hifadhi ya Tarangire. Huko ndiko waliko mbung'o, ambao wafugaji wengi wa kaskazini huwaita ndorobo. Inzi huyu hachagui. Anamnyonya ng'ombe, anamnyonya na mchungaji aliyesimama karibu naye, na wote wawili anaweza kuwaachia vimelea vya nagana. Baada ya wiki kadhaa ng'ombe anakonda, manyoya yanamsimama, maziwa yanakatika. Mchungaji anaendelea na shughuli zake.

Wanasayansi wametumia zaidi ya miaka 100 kulieleza jambo hilo, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki. Jibu limo kwenye plazma. Shuleni tunafundishwa kwamba plazma ni maji ya kubebea chembe za damu, basi, mwalimu anahamia kwenye moyo. Kwa mtu anayeishi jirani na mbung'o, maelezo hayo yanaacha nje jambo kubwa kuliko yote.

Ingia katika maabara yenye mashine ya kuzungusha damu, uone mrija mwembamba wa kioo baada ya kuzungushwa dakika chache. Chembe nyekundu zimekaa chini. Juu yake kuna utepe mwembamba mweupe, na juu ya utepe huo maji ya manjano yaliyo safi. Hayo ndiyo plazma: zaidi ya nusu ya damu yote, na asilimia 90 hivi ya plazma yenyewe ni maji, yaliyobaki yakiwa protini, chumvi, sukari na mafuta. Mtaalamu akitafuta vimelea vya nagana au vya malale, ugonjwa wa usingizi wa binadamu, haangalii chini kwenye wekundu. Anaweka darubini pale plazma inapokutana na ule utepe mweupe, ambapo tripanosoma hukusanyika na kuonekana wakijinyonganyonga. Njia hiyo ilitangazwa na Woo mwaka 1970 na bado inatumika.

Neno plazma lenyewe limezagaa kote katika elimu ya viumbe, na msomaji asiposhika tofauti atapotea. Mwaka 1839 Jan Purkyně aliita protoplazma ile nyama hai ya kiumbe kinachoanza kukua, na mwaka 1846 Hugo von Mohl akalitumia jina hilo kwa kitu kilichomo ndani ya seli za mimea. Kutoka hapo tukapata saitoplazma, na utando unaoizunguka seli ukaitwa utando wa plazma. Arnold Theiler wa Afrika Kusini alipokiona ndani ya chembe nyekundu za ng'ombe kidubini kilichoonekana hakina saitoplazma, mwaka 1910 alikiita Anaplasma. Wafugaji wa Babati wanaujua ugonjwa wake vizuri: ni ndigana baridi. Kwa hiyo kuna plazma iliyo nje ya seli, katika damu, na kuna utando wa plazma unaoifunga seli. Habari ya mbung'o inahusu hiyo ya kwanza inavyozivunja tando za seli ya adui.

Alphonse Laveran, Mfaransa aliyeviona vimelea vya malaria nchini Algeria mwaka 1880, ndiye aliyeanza kuichunguza nguvu hiyo ya plazma. Mwaka 1902 aliwachukua panya wenye nagana akawadunga maji ya damu ya binadamu. Vimelea vikatoweka damuni mwao. Damu ya mtu, hata baada ya kuganda na chembe zake kuondolewa, ilikuwa na kitu kinachoua.

Lakini wakati huo huo watu walikuwa wakifa kwa malale. Nchini Uganda, kandokando ya Ziwa Victoria, mlipuko wa mwanzoni mwa karne ya 20 uliwamaliza watu kwa maelfu mengi. Mwaka 1910 Stephens na Fantham walitangaza kimelea kilichotoka kwa mgonjwa wa Rhodesia ya Kaskazini, wakakiita Trypanosoma rhodesiense. Kwa darubini hakitofautiki na kile cha nagana. Kimoja kinakufa ndani ya plazma ya mtu, kingine kinaogelea humo na kuzaana.

Tanganyika ilikumbana na rhodesiense Maswa mwaka 1922. Serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka na kuwahamisha watu katika makazi ya pamoja, kazi iliyosimamiwa kwa miaka mingi na daktari George Maclean. Magugu nayo ilifyekwa hivyo miaka ya 1940, na watu wakaja kulima palipokuwa pori la ndorobo. Mtafiti Helge Kjekshus alionyesha mwaka 1977 kwamba pori hilo halikuwepo tangu zamani kwa ukubwa ule. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe, vita na njaa vikaondoa watu, vichaka vikarudi na mbung'o akarudi navyo. Nakubaliana naye. Waliolaumiwa kwa kuishi ovyo porini ndio waliokuwa wamelizuia pori kwa vizazi.

Swali la vimelea pacha lilipelekwa Tinde, karibu na Shinyanga. Kuanzia mwaka 1934, J. F. Corson na waliomfuata waliwahamisha rhodesiense kutoka kondoo hadi mbung'o hadi kondoo, mwaka baada ya mwaka, ili waone kama mwishowe watasahau kumwambukiza mtu. Miaka 18 baadaye walikuwa hawajasahau. Ili kulijua hilo, kila mara walihitajika watu wa kuumwa na mbung'o hao, waugue, kisha watibiwe. Waliitwa watu wa kujitolea. Katika koloni, mbele ya daktari wa serikali, kujitolea kulikuwa na maana finyu, na ninaposoma sifa za jaribio la Tinde nawafikiria hao kwanza.

Hata mwaka 1966, R. J. Onyango na wenzake walipothibitisha kwamba ng'ombe wa Alego, Nyanza, walikuwa wamebeba malale ya binadamu, uhakika ulipatikana kwa kumdunga mtu. Mwaka 1970 Rickman na Robson wakaleta kipimo cha kuliepuka jambo hilo: changanya vimelea na damu ya binadamu ndani ya mrija, viache muda, kisha mdunge panya. Panya akiugua, vimelea hivyo vinaweza kumwambukiza mtu. Plazma ndiyo iliyochukua nafasi ya mtu.

Silaha yenyewe ilifuata polepole. Mwaka 1978 Mary Rifkin alionyesha kwamba nguvu ya kuua imo katika chembe za HDL, zile zinazoitwa kolesteroli nzuri. Mwaka 1998 kundi la Etienne Pays huko Brussels lilionyesha kwamba jeni moja, SRA, inamwezesha rhodesiense kustahimili, na mwaka 2003 likaitambua protini inayoua: APOL1. Kimelea huimeza chenyewe, kikidhani ni chakula. Ikishafika ndani, APOL1 inajipenyeza kwenye tando na kufungua vitundu, chumvi na maji vinaingia, na kimelea kinavimba kama haragwe lililolowekwa mpaka kinapasuka. SRA huishika APOL1 na kuizuia. Huo ndio umbali uliopo kati ya kile kimelea pacha cha nagana na rhodesiense.

Kuna watu wenye APOL1 ya aina tofauti kidogo, hasa wenye asili ya Afrika Magharibi, na aina mojawapo humshinda hata rhodesiense. Gharama yake ilijulikana mwaka 2010: wanaorithi aina hizo kwa wazazi wote wawili wako katika hatari kubwa zaidi ya kuharibika figo.

Nyani hawana haja ya kuiogopa SRA. Plazma ya nyani, jamaa wa hao wanaokaa barabarani Hifadhi ya Ziwa Manyara, inaua vimelea vya nagana na vya rhodesiense pia, kwa sababu APOL1 yao haishikiki. Jayne Raper wa New York, pamoja na watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, jijini Nairobi, walipanga kuiweka jeni hiyo ya nyani katika ng'ombe wa Kiafrika, na kama hatua ya mwanzo akazaliwa Nairobi ndama dume wa Boran kwa njia ya kloni, aliyepewa jina Tumaini. Kwa wagonjwa wa malale, mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya fexinidazole kwa rhodesiense, badala ya sindano kali za melarsoprol, zenye aseniki, ambazo zenyewe huua baadhi ya wagonjwa. Ng'ombe wa Mbugwe bado wanategemea dawa ya kuogeshea, sindano, na mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi.