Udongo Usiochoka wa Kibiro

Kijiji cha Kibiro kiko pwani ya mashariki ya Ziwa Albert, nchini Uganda, kimebanwa kati ya maji na ukuta mrefu wa Bonde la Ufa. Mvua ni haba na kilimo hakifui dafu. Kinachovunwa pale ni chumvi, na wavunaji ni wanawake.

Kazi huanzia kwenye eneo la chemchemi za moto, ambako ardhi ina unyevunyevu wa chumvi. Mwanamke hutandaza udongo mkavu uliolegea juu ya ardhi hiyo. Jua likiwaka, udongo hunyonya unyevu kutoka chini. Maji huenda na hewa, chumvi hubaki imegandamana na chembe za udongo. Huukwangua, akautandaza tena, hadi ukolee. Kisha huujaza kwenye chungu chenye matundu kitakoni na kuumwagia maji. Chumvi huyeyuka, udongo hauyeyuki. Kwa tofauti hiyo moja, viwili vilivyoshikamana huachana: maji ya chumvi hudondoka kwenye chombo cha chini, tope husalia juu. Maji hayo ndiyo yanayobandikwa motoni mpaka yakauke.

Huko Uvinza, magharibi mwa Tanzania, chumvi imepikwa kwa zaidi ya miaka 1,000, lakini chemchemi za huko zenyewe hutoa maji makali, na mpishi huhitaji moto tu. Wanawake wa Kibiro walilitumikisha jua kwanza, wakaokoa kuni. Kwangu mimi huo ni ugunduzi wa kuheshimiwa sawasawa na ufuaji wa chuma.

Na chuma kilihusika. Kijiji kisicho na mashamba ya chakula kiliishi kwa kubadilishana: chumvi ilipanda ule ukuta vichwani mwa watu, vyakula na bidhaa nyingine zikashuka. Chumvi na majembe ya chuma vilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoupa Bunyoro, ufalme uliokuwa na Kibiro ndani yake, nguvu sokoni, kuvuka mipaka yake. Tunapomsifu Omukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro kwa vita vyake dhidi ya Waingereza katika miaka ya 1890, ni haki tuwakumbuke pia wanawake hawa, ambao vipande vyao vya mashamba ya chumvi vimerithiwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti.

Majina yao hayakuandikwa. Ila mwanaakiolojia Graham Connah alipochimba Kibiro, mwishoni mwa karne ya 20, alikuta vigae na majivu yamerundikana kwa kina cha mita kadhaa, ushahidi wa kazi ya zaidi ya miaka 700. Mwaka 1997 Uganda ilikiingiza kijiji hicho kwenye orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia.

Cha ajabu, udongo wenyewe hautupwi. Ukishaoshwa hutolewa chunguni, hurudishwa shambani, hukaushwa na kutandazwa upya, ukanyonye tena.