Koki Nyuma ya Bega

Jioni ya tarehe 12 Oktoba 1997, John Denver aliruka peke yake kutoka uwanja wa ndege wa Monterey, California, kwa ndege ndogo aina ya Long-EZ. Ndiye yule wa "Take Me Home, Country Roads", wimbo ambao hata kwetu watu huuimba kwa sauti ya juu bila kujua West Virginia iko wapi. Alikuwa na miaka 53 na uzoefu wa saa zaidi ya 2,700 angani. Ndege ile alikuwa ameinunua karibuni tu. Muda mfupi baadaye ilianguka baharini karibu na Pacific Grove, naye akafa.

Long-EZ haikutoka kiwandani. Burt Rutan aliuza michoro, na mnunuzi akajijengea ndege mwenyewe. Mafuta hukaa kwenye matangi mawili, kushoto na kulia, na injini hunywa tangi moja kwa wakati. Likiisha, rubani huzungusha koki ili kuhamia la pili. Katika michoro ya Rutan, koki hiyo ipo mbele, kati ya miguu ya rubani. Aliyeijenga ndege hii aliihamishia nyuma ya bega la kushoto. Hakuwa mzembe: hakutaka mabomba ya mafuta yapite pale anapokaa mtu.

Ila sasa, ili kuifikia, rubani alilazimika kuachia usukani uliokuwa mkono wake wa kulia, kisha ajipinde mwili mzima kushoto. Koki yenyewe ilikuwa ngumu, tena haina alama.

Tatizo hili lilijulikana kabla ya safari. Denver na fundi walijaribu kurefusha mpini kwa koleo, ikashindikana. Fundi akampa kioo kidogo cha kutazamia vipimo vya mafuta vilivyokuwa nyuma yake. Denver akasema angeiacha ndege ijiendeshe wakati anazungusha koki. Alipoulizwa kuhusu kujaza mafuta, alikataa; angeruka kama saa moja tu.

Baada ya ajali, ilikuwa rahisi kumtazama mtu badala ya ndege. Denver alikuwa na historia ya ulevi, na mamlaka ya anga ilikuwa imemnyima kibali cha afya cha kurusha ndege. Lakini vipimo havikukuta pombe mwilini mwake. Wachunguzi wa NTSB waliketi katika ndege ya aina hiyo na kujipinda kama yeye. Wakagundua kwamba anayegeuka kuitafuta koki hukanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, na pedali hiyo hugeuza ndege. Walihitimisha kwamba ndivyo alivyopoteza udhibiti. Walitaja pia mafuta ambayo hayakujazwa, mafunzo machache ya ndege ile, na mahali ilipowekwa koki.

Sisi tunaosoma historia hupenda chanzo kimoja, hasa kikiwa na jina la mtu. Hapa kila mmoja alikuwa na sababu ya maana: mjenzi aliogopa moto, fundi alitafuta msaada wa haraka, rubani alihesabu saa moja. Kila aliyeigusa koki ile alipata namna ya kuishi nayo. Hakuna aliyeirudisha mahali pake.