Chunusi: Tiba za nyumbani zinazofaa na zile zinazounguza ngozi

CHUNUSI ni vipele vinavyojitokeza usoni, kifuani, mabegani na mgongoni, aghalabu kwa vijana waliobaleghe. Wengi huzipuuza kwa dhana kwamba zitatoweka ujana ukipita. Wengine huwatania walio nazo kwamba wanatamani mchumba.

Hata hivyo, si jambo la mzaha. Kwa mwenye ngozi nyeusi, chunusi ikipona huweza kuacha doa jeusi linalokaa usoni kwa miezi mingi, na ile iliyojikita ndani ya ngozi huacha kovu la kudumu. Hofu ya madoa hayo ndiyo huwafanya wengi wapake chochote wanachoambiwa: ndimu, dawa ya meno au krimu isiyo na jina inayouzwa sokoni katika kikopo kidogo. Matokeo yake ni kwamba aliyekuwa na vipele vichache hujipata na uso ulioungua.

Tiba asilia zipo na baadhi yake zimechunguzwa na wataalamu. Muhimu ni kujua ipi ya kutumia, jinsi ya kuitumia na wakati wa kuiacha.

Chanzo cha chunusi

Ndani ya ngozi mna tezi zinazotoa mafuta ya kuilainisha. Mtu anapobaleghe, homoni aina ya androjeni huzichochea tezi hizo kutoa mafuta mengi. Mafuta hayo yakichanganyika na seli zilizokufa, huziba kitundu cha unywele. Bakteria waitwao Cutibacterium acnes, ambao huishi katika ngozi ya kila mtu, huzaana humo, kisha ngozi huvimba na wakati mwingine kufanya usaha.

Kwa hivyo, chunusi si dalili ya uchafu. Anayesugua uso kwa dodoki mara tano kwa siku huuchubua tu. Yatosha kuosha uso asubuhi na jioni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha kuupangusa taratibu kwa taulo safi.

Mafuta mazito ya nywele nayo huchangia. Mnamo 1970, madaktari nchini Marekani walieleza kuhusu chunusi za kipaji cha uso zilizowapata watu weusi waliozoea kupaka nywele mafuta ya aina hiyo. Hata mafuta ya nazi, yanayosifika kwa nywele, huweza kuziba vitundu vya ngozi ya uso.

Tiba zinazoweza kusaidia

1. Mshubiri

Ute wa mmea huu, ambao wengi huuita aloe vera, hupoza ngozi na kupunguza uvimbe. Utafiti uliochapishwa 2014 nchini Iran ulionyesha kwamba wagonjwa waliotumia ute huo pamoja na dawa ya tretinoini walipata nafuu zaidi kuliko waliotumia dawa hiyo pekee. Yaani, mshubiri uliisaidia dawa. Haukuchukua nafasi yake.

Kata jani lililokomaa na ulisimamishe kwa dakika 15 ili utomvu wa manjano uchuruzike, kwani utomvu huo huwasha. Lioshe, menya ganda na ukwangue ute ulio mweupe. Paka kiasi usoni, subiri dakika 20 kisha uoshe.

2. Mafuta ya tea tree

Haya hutokana na majani ya Melaleuca alternifolia, mti wenye asili ya Australia ambao sasa hukuzwa pia na wakulima wa maeneo yaliyo karibu na Mlima Kenya. Utafiti wa 1990 uliofanywa Australia kwa wagonjwa 124 ulilinganisha mafuta hayo, yakiwa na nguvu ya asilimia 5, na dawa ya benzoili peroksaidi ya kiwango hicho hicho. Zote mbili zilipunguza chunusi. Mafuta yalichelewa kufanya kazi, lakini yaliwasha kwa kiasi kidogo.

Usiyapake yakiwa makali. Changanya tone 1 na matone 19 ya ute wa mshubiri, kisha upake kwenye vipele tu. Yaweke mbali na watoto kwani ni sumu yakinywewa.

3. Chai ya kijani

Majani ya chai yasiyochachushwa yana kemikali aina ya polifenoli ambazo hupunguza uvimbe. Mnamo 2009, uchunguzi mdogo uliohusisha watu 20 uliripoti kwamba losheni yenye asilimia 2 ya chai hiyo ilipunguza vipele katika muda wa wiki 6. Ukitaka kujaribu nyumbani, chemsha majani hayo bila sukari wala maziwa, yaache maji yapoe kabisa, kisha upanguse uso kwa pamba safi.

4. Asali

Asali huua baadhi ya bakteria na hutumiwa hospitalini kutibu vidonda. Lakini chunusi ni jambo jingine. Utafiti uliochapishwa 2016 kuhusu asali ya kanuka ya New Zealand haukupata ushahidi kwamba kuiongezea sabuni ya kuua bakteria kulileta nafuu zaidi ya sabuni yenyewe. Asali safi haina madhara kwa wengi, ila usiitarajie kutenda miujiza. Iliyochanganywa na sukari ni ya kuepukwa.

5. Mwarobaini na liwa

Majani ya mwarobaini yameua bakteria katika maabara, lakini bado ushahidi kutoka kwa wagonjwa ni haba. Ukitaka kuyatumia, pakaa maji yake yaliyopoa. Usiyanywe, hasa ukiwa mjamzito. Akina mama wa Pwani nao kwa miaka mingi wamesugua liwa kwenye jiwe la msio na kujipaka usoni. Liwa huburudisha ngozi, ila isiwekwe juu ya chunusi zilizopasuka.

Lishe

Mnamo 2007, watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wiki 12 kwa vijana wa kiume 43. Waliopunguza vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa haraka walipata nafuu zaidi kuliko wenzao. Kwa mlo wetu, hii ina maana ya kupunguza soda, mandazi na mkate mweupe, na badala yake kula githeri, ndengu na mboga za kienyeji.

Vitu vya kuepuka

Ndimu na limau: Maji yake ni asidi kali mno kwa ngozi. Isitoshe, ngozi iliyopakwa ndimu ikipigwa na jua huweza kuungua na kubaki na madoa meusi, yale yale unayoyakimbia.

Magadi, dawa ya meno na kitunguu saumu: Magadi huondoa kinga ya asili ya ngozi. Dawa ya meno huiwasha, nacho kitunguu saumu kibichi huibabua.

Kuminya: Hili husukuma usaha ndani zaidi na kuongeza uwezekano wa kupata kovu.

Krimu za kuchubua: Baadhi huwa na steroidi ambayo hutuliza chunusi kwa siku chache, kisha huzirejesha kwa wingi. Nyingine huwa na zebaki, ambayo hudhuru figo. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni.

Mambo ya kuzingatia

Kabla ya kupaka kitu chochote usoni, kijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono na usubiri saa 24. Kikiwasha, kiache. Tumia tiba moja kwa wakati mmoja, na uipe wiki 8 hadi 12 kabla ya kuamua iwapo inafaa.

Ni vyema pia kufahamu kwamba mwongozo uliotolewa 2024 na chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani ulisema ushahidi kuhusu dawa za mimea haujatosha kuzipendekeza. Dawa zilizopendekezwa ni pamoja na benzoili peroksaidi, adapalini na asidi ya azelaiki. Asidi hiyo ya mwisho hupatikana pia katika ngano na shayiri, na husaidia kufifisha madoa meusi.

Nenda hospitalini mapema ikiwa vipele ni vikubwa na vyenye maumivu, ikiwa vinaacha mashimo au makovu, au ikiwa mwanamke ana chunusi pamoja na hedhi isiyo na mpangilio na nywele nyingi kidevuni, kwani huenda tatizo likawa la homoni. Mwambie daktari iwapo una mimba au unatarajia kuipata, maana dawa kama isotretinoini huweza kulemaza mtoto aliye tumboni.

Mzazi naye asimkemee kijana anayejificha kwa sababu ya uso wake. Amsikilize na kumpeleka kwa daktari ilhali vipele bado ni vichache. Doa huweza kufifia kwa muda, lakini kovu likishajichimba ni vigumu kuliondoa.