Herufi Nane za Kujitaja

Ukipanda teksi iliyotoka Japani, hapa Dar es Salaam, kuna uwezekano mkubwa redio yake inakudanganya. Kule Japani FM ilipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90. Huku kwetu inaanzia 87.5 na kuishia 108. Basi fundi anaunganisha kidude kidogo kwenye waya wa antena, kinachoyashusha masafa yetu yaingie kwenye redio ya Kijapani. Kikishusha kwa 12, kituo cha 95 kinasomeka 83. Dereva wala hajali. Kituo chake anakijua kwa sauti ya mtangazaji, na kwa kitufe ambacho kidole kimeshakizoea.

Mimi namba ile ya uongo hunikera, na ndiyo iliyonifanya niulize: hivi redio hujuaje inasikiliza nani?

Kwa miaka mingi haikujua. Redio za mezani za Ulaya, kuanzia miaka ya 1930, zilikuwa na kioo kilichochapwa majina: Hilversum, Beromünster, Droitwich, Luxembourg. Ulizungusha kitufe, mshale ukatembea mpaka kwenye jina. Kwa mpenda maneno, kile kioo kilikuwa kitabu cha safari chenye ukurasa mmoja. Lakini angalia nani aliyekiandika: kiwanda kilichotengeneza redio. Kituo chenyewe hakikuwa na neno.

Shida yake ilionekana mwaka 1950. Miaka miwili kabla, nchi za Ulaya zilikutana Copenhagen kugawana upya mawimbi marefu na ya kati, na tarehe 15 Machi 1950 mgawo huo ukaanza kutumika. Vituo vikahama, vioo vikabaki palepale. Redio iliyolala jioni ikiwa nzima iliamka asubuhi ikitaja jina la huyu na kutoa sauti ya yule.

Mgawo huohuo uliisukuma Ujerumani, iliyotoka kushindwa vitani na kuambulia masafa machache, ielekee kwenye FM. Munich ilianza kurusha FM mwisho wa Februari 1949, Hannover siku iliyofuata. Sauti ikawa safi, ila FM haifiki mbali. Kipindi kimoja kinahitaji minara mingi, na minara jirani haiwezi kutumia masafa yaleyale bila kugombana. Kituo kimoja, namba kumi, ishirini. Utachapa jina lake wapi kwenye kioo? Na dereva anayetoka mji mmoja kwenda mwingine anapoteza kipindi njiani, anaanza kupapasa vitufe huku gari linakimbia.

Mwaka 1974 kampuni ya Blaupunkt pamoja na ARD, muungano wa mashirika ya utangazaji ya Ujerumani, walileta ARI. Ni mlio uliofichwa kwenye kilohezi 57, juu kabisa ya uwezo wa sikio la binadamu, unaoiambia redio ya gari kwamba kituo hiki hutangaza hali ya barabara, kiko eneo gani kati ya A na F, na kwamba taarifa inaanza sasa, ongeza sauti. Jina halikuwamo. Ilikuwa kama mgeni anayepiga hodi na kutaja mtaa anakotoka, ukimuuliza yeye ni nani, kimya.

Jina lilikuja na RDS. Umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, ulichapa maelezo yake mwaka 1984, na BBC ikaanza kuitumia rasmi 1987. Ilikaa palepale kwenye kilohezi 57, imetengenezwa kwa namna ya kutoivuruga ARI. Namba hiyo haikuokotwa tu: matangazo ya stirio tayari hubeba mlio wa kilohezi 19, nao ukizidishwa kwa tatu unapata 57. Humo data inapita kwa biti 1187.5 kwa sekunde. Kwa macho ya leo ni mwendo wa konokono. Data hiyo hufungwa mafungu ya biti 104, mafungu kama 11 kila sekunde, na katika kila biti 26, kumi ni za kukagua tu kama zilizobaki zimefika salama.

Hapa ndipo pananinogea. Kituo kina majina mawili. La kwanza ni namba ya biti 16 inayotangulia kila fungu, wala msikilizaji haioni. Hilo ndilo redio inalolijua. Dereva akianza kupoteza mawimbi, redio inachungulia masafa mengine iliyotajiwa na kituo, inasoma namba. Ikilingana inahamia huko, isipolingana inarudi, na dereva pengine hata hashtuki. La pili ndilo tunalosoma sisi kwenye kioo, na kwa mashine ni mapambo matupu. Linakuja herufi mbili mbili, kwa mafungu manne. Nne mara mbili, nane. Basi.

Herufi nane, nafasi zikiwemo! Bayern 3 walibahatika, wanaenea kamili. Kituo cha nne cha BBC kikajikunja kuwa BBC R4. Hebu fikiria Sauti ya Dar es Salaam, ile iliyoanza 1951, ingefanyaje: hesabu mwenyewe, nafasi zinaishia kwenye SAUTI YA. Sauti ya nani sasa?

Marekani, ambako RDS ilipata kanuni zake mwaka 1993, namba ya siri hukokotolewa kutoka herufi za kituo. KAAA ni 4096, KAAB 4097, na kuendelea. Huko mashine na msikilizaji angalau wanaanza na jina moja.

Halafu watu wa biashara wakagundua kwamba zile herufi nane zinaweza kubadilishwa kila baada ya sekunde chache. Kanuni zilisema jina litulie, dereva asije akasoma hadithi barabarani, na maneno marefu yalitengewa sehemu yake ya herufi 64. Lakini redio nyingi za magari hazikuonyesha sehemu hiyo. Basi pale pa jina pakaanza kupita nyimbo na matangazo ya biashara, kipande kwa kipande. Desturi hiyo ilienea sana Marekani. Mimi naiona ni utovu wa adabu: mtu umemuuliza jina, anakuuzia sabuni.

Ile teksi yetu, hata kituo kirushe jina lake kwa RDS, haitalisoma, maana Japani FM yao haikutumia mfumo huo. Juzi, foleni imekaza, kioo kinaonyesha 76.4, nikamuuliza dereva tunasikiliza kituo gani. Akatega sikio kidogo.

“Subiri, dada. Wimbo ukiisha atasema mwenyewe.”