Asili ya Jina la Nahodha

Sisi tukaao Madimba, karibu na mlango wa mto Ruvuma, twajua ya kuwa bahari huwapa watu riziki. Tena huwapa majina. Moja ni Nahodha, ambalo leo ni jina la ukoo. Huko Unguja, Shamsi Vuai Nahodha alikuwa Waziri Kiongozi tangu mwaka 2000 hata 2010.

Neno hili latoka katika Kiajemi: «nav» ni chombo, na «khuda» ni bwana. Basi nahodha ni bwana wa chombo. Aweza kuwa ndiye mwenye mali, au mtu aliyekabidhiwa chombo cha mwingine. Kushika usukani si lazima awe yeye. Hata njia na nyota zamani zilikuwa na mjuzi wake, aliyeitwa mwalimu. Na rubani aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mpaka Uhindi mwaka 1498, Wareno walimwandika kwa cheo hicho. Bali nahodha ndiye mwenye kuulizwa juu ya vyote: chombo, shehena, na roho za watu. Ndiye asemaye, «Tungoje kusi,» au, «Tutweke tanga.»

Cheo kiligeukaje kuwa jina? Desturi ya pwani, mtu hufuatisha jina lake kwa la baba, kisha la babu. Babu akizoea kuitwa kwa kazi yake, wajukuu nao huandikwa kwa kazi hiyo. Ndivyo Waingereza walivyopata jina la Smith, yaani mhunzi, na Wajerumani Müller, yaani msaga unga.

Lakini mjukuu asiyejua hata kufunga tanga, jina hili lamfaa nini? Tutazame Maandiko. Katika Matendo, mlango wa 27, akida alimsadiki nahodha kuliko Paulo, na merikebu ikavunjika; watu wote 276 waliokoka kwa rehema ya Mungu, si kwa cheo cha nahodha. Katika Yona, nahodha asiyemjua Bwana ndiye aliyemwamsha nabii aliyelala, amwombe Mungu wake, watu wasipotee. Wote wawili waliitwa nahodha. Mmoja tu alistahili jina lake.

Basi wewe uliyerithi jina la kazi, umerithi deni. Babu zako waliaminiwa roho za watu. Nawe uaminiwe hivyo, ijapokuwa chombo chako ni nyumba yako tu.